Shokapu za Kumbebea Mama

Mama alitangaza uamuzi wake akiwa bado ameshikilia mlango wa gari. Tulikuwa tumetoka hospitali kwenye mazoezi ya nyonga, mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kuingilia mtaani kwetu Magomeni ilikuwa imemrusharusha kitini tangu tulipoacha lami. Aliteremka kwa kuniegemea begani, akapumua kwanza, ndipo akasema:

"Hilo punda lako mie silipandi tena. Ukinitakia mazoezi, mlete huyo binti wa mazoezi hapa nyumbani."

Nilicheka. Yeye hakucheka, na alipofika kwenye kiti chake cha barazani alikaa kwa upande mmoja, akiikwepa nyonga. Hapo nikaelewa kwamba haukuwa utani.

Alikuwa ameteleza uani miezi michache kabla, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji. Mtaalamu wa mazoezi, dada mwenye sauti ya upole na maneno makavu, alinivuta pembeni akanieleza kwamba kipindi kile cha mwanzo ndicho kingeamua. Mguu ukizoeshwa, mama atatembea. Ukiachwa, kiungo kitakakamaa, na mama atabaki mtu wa kitandani. Mama yangu hajawahi kukosa shughuli ya jirani, iwe harusi au hitima. Sikuweza kumfikiria akiletewa habari za mtaa kitandani.

Usafiri mwingine tulikuwa tumeshaujaribu. Bajaji ilizama katika kila shimo kwa vile vigurudumu vyake vidogo. Madereva wa teksi walikuwa wanaishia barabara kubwa, kwa sababu ukingo wa mtaro mbele ya nyumba yetu hukwangua magari ya chini. Kumbeba hadi barabarani alikukataa mwenyewe. "Mie si gunia," alisema. Ilibaki pikapu yangu, ambayo niliinunua kwa ajili ya duka la rangi na ambayo kwa miaka mingi ilibeba ndoo za rangi bila kulalamika, kwa kuwa ndoo hazina nyonga.

Mimi si fundi wa magari. Niliishia kidato cha nne, na mengi ninayoyajua nimeyapata kwenye vitabu vya mafundi vinavyouzwa chini barabarani, kamusi ikiwa pembeni. Nina kanuni moja: sibadilishi kifaa kabla sijaweza kusema kwa maneno yangu kazi yake ni nini. Kwa hiyo nilitandika boksi nikalala chini ya gari.

Mambo yalikuwa wazi kuliko nilivyotarajia. Shokapu za nyuma, zile bomba za kutuliza mtikisiko, zilikuwa zimevujisha mafuta, vumbi limegandia juu yake kama ukoko. Nilipobonyeza kona ya gari na kuiachia, ilipaswa kupanda na kutulia. Yangu iliendelea kuitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Springi za nyuma, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zilikuwa zimelala kwa uzito wa miaka, hata raba ambazo zinapaswa kuguswa kwenye shimo kubwa tu zikawa zinagongwa kwenye kila kijishimo. Na tairi zilijazwa upepo wa gari lenye shehena.

Nilianza na upepo, kwa sababu haukuhitaji fundi. Niliupunguza hadi kiwango cha gari tupu kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Ili nijue kama kweli nimepata nafuu, nilijaza beseni maji hadi kwenye alama niliyoichora, nikalifunga kwa kanga kwenye kiti cha mama, nikaendesha polepole kutoka barabarani hadi nyumbani. Nilikuwa nimefanya hivyo hivyo kabla ya kupunguza upepo. Maji yaliyomwagika yalipungua, lakini kiti bado kililowa.

Mke wangu akachungulia ndani. "Umeacha rangi, sasa unauza samaki hai?"

Siku niliyokwenda Kariakoo nilifuatana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hupenda magari ya watu kama vile ni yake. Njia nzima alikuwa na wazo moja.

"Shem, unyanyue inchi tatu, uweke na tairi pana. Mtaa mzima utakuheshimu."

"Mtaa utaniheshimu. Mama atapandaje?"

"Tutamnyanyua."

"Atakuchapa mkongojo."

"Kuchapa nako ni kunyoosha viungo," akasema. "Si anatakiwa afanye mazoezi?"

Kwenye maduka ya spea wana namna yao ya kuuza shokapu. Muuzaji huisimamisha sakafuni, mteja anailalia kwa kifua na mikono yote miwili, na ile inayogoma kushuka ndiyo inayosifiwa. "Umeona hiyo? Ngumu! Ya porini hiyo, bosi!" Watu wanazo sababu zao. Pikapu ya Kariakoo hubeba kupita kiasi, na ukiiona tupu jua imepotea njia. Shokapu laini pale ni shokapu mbovu, basi. Nami niliilalia ya kwanza, ikagoma, nikajikuta nimefurahi. Shemeji alikuwa ameshaanza kuvutana bei.

Ndipo nikajiuliza: barabarani, nani atailalia? Gari litakuwa tupu, ndani tuko wawili, na mmoja wetu ni mwanamke mzee aliyekonda. Shokapu iliyonishinda mimi kwa uzito wangu wote haitajisumbua kushuka kwa ajili yake. Kila jiwe litampanda moja kwa moja hadi kiunoni.

"Tutarudi," nikamwambia muuzaji.

Tulipotoka shemeji alinong'ona kwa hasira. "Shem, yule hajauza kitu tangu afungue! Umemtia mkosi asubuhi yote hii."

Aliona haya kweli, maana mteja wa kwanza wa siku haachwi kirahisi na yeye hapaswi kuondoka kirahisi. Lakini tuliondoka. Duka la pili mambo yalikuwa yale yale. La tatu lilikuwa la mama mmoja kutoka Kilimanjaro, miwani juu ya paji la uso, kikombe cha chai mkononi. Aliuliza aina ya gari na mwaka, kisha akauliza nililotamani kuulizwa tangu asubuhi.

"Unabeba nini?"

"Mama yangu."

Akaweka kikombe chini. "Na mzigo?"

"Hakuna. Mama tu. Amevunjika nyonga."

"Ana kilo ngapi huyo mama?"

Shemeji akadakia: "Kilo chache, dada. Ila maneno yake ni tani."

Mama yule alicheka hadi miwani ikamshukia puani. "Basi mnatafuta kitu ambacho hapa hakiulizwi. Ngoja." Akaagiza boksi kutoka stoo ya juu. Lilishuka na vumbi lake. Zilikuwa shokapu za gari la aina ile ile, lakini lile la kubebea familia. Nilimuuliza kama zina gesi. Akasema zake ni za mafuta tu. Za gesi anazo pia, lakini zinasukuma juu muda wote, na kwa gari tupu ningeziona kali. Nilikuwa nimesoma hivyo hivyo, na ilinipa raha kulisikia kutoka kwa mtu ambaye angeweza kuniuzia zile za bei kubwa.

Nilitoa utepe nikapima urefu wa moja ikiwa imefunguka na ikiwa imefunga. Ukinyanyua gari, hata kidogo, shokapu fupi hugeuka kamba inayoning'iniza tairi. Hizi zilitosha, na ziada kidogo. Tukachukua nne.

Ilibaki kuamua kunyanyua kiasi gani. Chini nilikuwa na ukingo wa mtaro, ambao ulikwangua bamba la chini ya injini. Inchi moja ingeuruka, kwa shida. Juu nilikuwa na mguu wa mama. Hospitali walikuwa na ngazi ya mbao ya mazoezi, na nilikuwa nimeshaona ni kidato kipi anakipanda bila kukunja uso. Nilikipima. Kwa hesabu hiyo, gari likinyanyuka inchi moja na nusu, angepanda kwa kutanguliza boksi moja la mbao la kukanyagia. Likinyanyuka tatu, ningehitaji ngazi ya fundi rangi.

"Moja na nusu," nikamwambia shemeji.

Akanitazama kama mtu aliyealikwa pilau akapakuliwa wali mkavu.

Mtaa wa Gerezani, kwa wafua springi, nilishangaza watu tena. Huko kila pikapu huja kuongezwa chuma. Mimi niliomba kila upande kitolewe kimoja, na vilivyobaki vikunjwe upya vipate upinde wake.

"Mzee, shikamoo," fundi alisema, kana kwamba salamu ingenirudishia akili. "Watu wanaongeza, wewe unapunguza?"

"Marahaba. Napunguza."

"Ukipakia saruji italala."

"Sitapakia."

Kauli hiyo ilikuwa na uzito wake. Maana yake ni kwamba tangu siku ile rangi za dukani zingekuja kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kukodi. Nililifikiria hilo usiku uliotangulia na jibu lilikuja upesi: ndoo zina gari jingine la kupanda, mama hana.

Jioni gari lilikuwa tayari. Fundi alizunguka nalo mtaa mmoja, akarudi, akasema, "Limetulia." Nikalichukua. Nilipofika kwenye njia yetu nikafunga beseni kitini kama kawaida, nikaingia. Nyuma ilikuwa laini ajabu. Mbele, kila tairi lilipoingia shimoni, kulisikika mgongano mkavu wa chuma kwa chuma, na maji yakaruka hadi kwenye kioo. Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo.

Nilizima injini nikabaki nimekaa. Siku inayofuata ilikuwa ya mazoezi. Mama alikuwa ameshakosa mara mbili, na asubuhi ile nilimwona akiinuka kwa kushika meza, mguu umekaza kama ufito. Niliogopa, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, kwamba ninachezea vyuma huku wakati unapita.

Kisha nikatoa utepe, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kufanya. Mbele kulikuwa kumenyanyuka karibu mara mbili ya tulivyokubaliana.

Kulipokucha nilikuwa wa kwanza kwa fundi. Hakuficha. Pikapu yangu mbele haikai juu ya springi, inakaa juu ya fito mbili za chuma zinazojisokota, na ukikaza boliti zake gari linapanda. Alikaza kidogo, kisha akaongeza "kidogo cha kupendezea," kwa sababu kila mteja wake humrudia kuomba gari liende juu zaidi. Sasa tairi zilikuwa zinaning'inia mwisho kabisa wa uwezo wake, na kila zikishuka shimoni zinagonga. Halafu tukagundua kwamba boliti za bushi, zile raba za kwenye maungio, nazo zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba zikiwa zimejipinda. Nilimwomba alegeze zote, tuliteremshe lisimame kwa miguu yake, tulitikise, ndipo akaze.

"Litaonekana fupi, mzee."

"Liache lionekane fupi."

Akaliacha. Akalitikisa tena bila kuambiwa, akasikiliza, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Kumbe."

Nilirudi na beseni. Nilipita shimo la kwanza, la pili, ukingo wa mtaro, na hakuna kilichokwangua. Maji yalikwenda upande mmoja, yakarudi, yakakaa. Kanga ililowa pindo tu. Niligeuza gari nikaipita njia ile mara nyingine, bila sababu yoyote ya kitaalamu, na nilipofika mwisho niligundua kwamba nilikuwa ninatabasamu peke yangu, na jirani anayekaanga vitumbua ananitazama.

Kumshawishi mama ilikuwa kazi ya mke wangu. Sijui alimwambia nini. Mama alitoka na baibui na mkongojo, akaligonga boksi nililomtengenezea.

"Limekaza?"

"Limekaza, mama."

"Banda lako lile la kuku pia ulisema limekaza."

Alitanguliza mguu mzima, akasema Bismillahi, akapanda boksi, kisha gari. Sikumnyanyua. Shemeji, aliyekuja kushuhudia, alisimama mikono imefunguliwa kama golikipa na hakupata mpira.

Tukaondoka. Mama alishika mkono wa mlango kwa nguvu hadi vifundo vya vidole vikawa vyeupe. Mimi niliutazama mkono ule kuliko njia. Tulivuka mtaro, tukapita mashimo, na mkono haukuachia. Tulipokuwa tunateremka Jangwani, kwenye lami iliyochimbika na maji ya mvua bado yametanda, ukaachia kidogo kidogo. Ukarekebisha mtandio. Ukalala mapajani.

Niliendelea na mwendo wangu wa taratibu, nikiyapitia mashimo moja moja.

"Mbona unajikokota?" mama akauliza.

"Nailinda nyonga, mama."

"Wewe linda barabara. Nyonga ninayo mwenyewe." Akatazama magari yaliyokuwa yanatupita, moja baada ya jingine. "Kanyaga bwana, mie sijafa. Nikichelewa, yule binti atampa mtu mwingine zamu yangu."

Nikaweka gia ya tatu.