Msiba Usio na Picha

Nereo alipoanguka na bodaboda pale mjini Baní, kichwa chake kilipona kwa nje tu. Dhumna aliendelea kuicheza, tena akishinda, lakini la jana hakulijua. Mama yake alipofariki alilia akigaagaa chini, kesho yake akauliza, "Mama kaenda wapi?"

"Kafa, mwanangu," akajibu shangazi yake Fredesvinda, maana kwake uongo ni dhambi. Nereo akalia upya. Keshokutwa vilevile. Wacheza dhumna, watu wasio na haya hata chembe, wakaona burudani.

"Oyaa Nereo, mama hajambo?"

"Hajambo, anapika."

"Anapikia ahera!"

Wakashindania ramu: atalia kabla kete hazijaisha, au baadaye?

Dada yake Nereo, Eneida, mfua nguo mwenye ulimi wa pilipili, aliipindua meza yao ya dhumna. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemweleza kwamba ubongo ulioumia haushiki habari mpya; kila ukimwambia, unamuua mama yake upya. Akimtaja, muulize mapishi yake, atatulia. Eneida akaufundisha mtaa mzima, wasikivu kwa upole, wakaidi kwa ufagio. Hata wale wa dhumna wakanyooka.

Ukatimia mwaka tangu mama afariki. Siku hiyo haipiti kimya: madhabahu sebuleni, picha, mishumaa, mbuzi chunguni, na binti ndiye anayeanzisha kilio. Eneida akaificha picha, akampeleka Nereo kwenye dhumna.

"Madhabahu bila picha! Kwani mama yako alikuwa paka?" Fredesvinda akafoka mbele za watu.

Eneida akawasha mishumaa. Alikuwa na kilio cha mwaka mzima kifuani, kwa kuwa nyumbani asingeweza kulia bila Nereo kumuuliza kisa. Akafumbua kinywa aanze. Nereo akaingia, kaifuata harufu ya mbuzi.

"Kafa nani?"

Watu wote wakamgeukia Eneida. Hata Fredesvinda, adui wa uongo.

"Jirani," akasema Eneida.

"Masikini. Kaacha watoto?"

"Wawili."

"Mbona silioni hata chozi? Watoto gani hao, mawe?"

Akachota nyama ya mguu, akaifunika kwa sahani nyingine.

"Hii ya mama, msiiguse. Anapenda mguu."

Akakaa nayo mlangoni kumngoja. Eneida akameza kilio chake, akaenda kumuuliza mama hupikaje mbuzi.