Bakuli la Supu Lililomtoa Mtu Jela

Mama Seon-mi anauza tofu, ile jibini ya soya, katika soko letu la Jecheon, kibanda cha pili kutoka changu cha dagaa wakavu. Ni mtu wa maneno machache. Mteja akimpunja atanyamaza, halafu mimi ndiye nitakayepiga kelele kwa niaba ya vibanda vyote viwili. Basi na hili acha nilisemee mimi, maana nikilinyamazia litanipasua kifua.

Mumewe, Chun-bae, alikuwa mfagiaji wa barabara. Alfajiri moja ya vuli, akiwa kazini na kizibao chake kinachong'aa, aligongwa na gari akafa palepale. Aliyemgonga ni Yang Gi-hyeon, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa amekesha kwenye pombe ya soju. Siku hizi mlevi hana kisingizio. Unapiga simu, anakuja dereva wa kukodi, anakuendeshea gari lako mwenyewe hadi mlangoni pako. Gi-hyeon alipiga. Kisha akaghairi, eti nyumbani ni karibu tu.

Karibu! Hilo neno nikilisikia hadi leo damu inanichemka.

Mahakama ilimfunga miaka mitatu. Sokoni tulisema ni kidogo, lakini tukajitia moyo kwamba walau jela ataiona. Naye akakata rufaa.

Rufaa ikiwa haijasikilizwa, ukafika mwaka tangu Chun-bae afariki. Nilikwenda kumsaidia Mama Seon-mi kuandaa meza ya marehemu, chakula anachowekewa mbele ya picha yake kila mwaka siku aliyofariki. Tulipika supu ya nyama na figili nyeupe, bila pilipili, maana wafu hawaandaliwi pilipili. Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa mama yake Gi-hyeon, kikongwe, kajifunika koti jeusi.

"Sikuja kuomba kitu, Mama Seon-mi," akasema. "Nimekuja kumwinamia marehemu tu."

"Dada, mfungie mlango!" nikamnong'oneza mwenzangu. "Mwanawe ndiye aliyetuletea msiba huu, leo anakuja kutulilia hapa?"

"Anayekuja kwa marehemu hafukuzwi," akanijibu. "Mpishe."

Bibi akaiinamia picha mara mbili, paji la uso likagusa sakafu. Halafu Mama Seon-mi akampakulia supu. Kwetu aliyemwinamia marehemu haondoki bila kula, awe ndugu, awe adui, awe mwizi wa kuku. Anayekaribisha ni marehemu, sisi tunapakua tu. Bibi akala huku machozi yakidondokea bakulini, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya rufaa tukafunga vibanda, tukaenda. Wakili wa Gi-hyeon, kijana mwenye nywele za kumeremeta, akasimama na kusema kwa sauti ya asali, "Waheshimiwa, familia ya marehemu ilimpokea mama wa mteja wangu kwenye meza ya kumbukumbu. Wamekula pamoja. Hilo si jambo dogo."

Nilitaka kuvua kiatu nimtandike nacho. Jaji akamgeukia Mama Seon-mi.

"Ni kweli ulimpa chakula?"

"Nilimpa supu, mheshimiwa."

"Kwa hiari yako?"

Pale mwingine angedanganya. Mimi ningedanganya bila kupepesa macho. Lakini kuhusu chakula cha mumewe, yeye hawezi.

"Kwa hiari," akasema. "Lakini supu ni ya marehemu. Msamaha sijampa mtu. Upande wao waliniletea karatasi ya suluhu niisaini, sikuigusa."

Jaji akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hukumu ilipokuja, ikasema Gi-hyeon amejutia kosa lake, na kwamba mioyo ya wafiwa imeanza kulainika. Kifungo kikaahirishwa: asipokosa tena, hakitumikii. Akaenda kulala kwake.

Imeanza kulainika! Jaji yule ni mtu wa hapahapa. Ana wafu wake, ana meza yake, na mama yake amepakulia wageni supu ileile tangu yeye anatambaa. Alijua maana yake. Alijua vizuri kabisa, na bado akaiandika kuwa msamaha. Angekuwa mjinga ningemsamehe.

Njiani kurudi Mama Seon-mi aliniambia neno moja tu: "Nimemtoa kwa mkono wangu." Tangu hapo akawa anakata tofu vipande vya upogo, yeye ambaye hakuhitaji rula. Mwaka wa pili ulipokaribia akasema hapiki tena.

"Na Chun-bae ana kosa gani alale njaa?" nikamwuliza.

Akapika. Jioni bibi akaja tena, akainama, akakaa. Mama Seon-mi hakupakua.

"Mwanao yuko wapi?"

"Yuko dukani. Anaona haya kuja, mwanangu."

"Basi tumfuate."

Akabeba sufuria. Mimi nikabeba meza ndogo, bibi akatufuata akihema. Dukani wateja walikuwa wakipakia saruji. Mama Seon-mi akaweka meza katikati ya mifuko, akapakua mabakuli mawili, akakaa chini.

"Kaa," akamwambia Gi-hyeon.

"Mama, nakuomba, watu wanatazama…"

"Mahakamani tulikula pamoja. Hapa unashindwa nini?"

Akapiga magoti, uso mwekundu. Akachota kijiko kimoja, supu ikamwagikia suruali. Akakirudisha.

"Siwezi," akasema.

"Hata mimi siwezi," akasema Mama Seon-mi. "Nenda kawaambie kule mahakamani."

Akaimimina supu yote kwenye sufuria, akaifunika, tukamrudishia Chun-bae mbele ya picha yake ikiwa bado ya moto.