Angepanda Meli Wiki Hiyohiyo

Jumapili hiyo ilikuwa zamu yangu kuwakaribisha akina mama wa kanisani. Tulikuwa watano, sote wakazi wa Rexdale, huku Kanada, na baada ya ibada tulizoea kula pamoja kisha kutazama filamu moja kabla kila mtu hajarudi kwake. Filamu ya siku hiyo ilichaguliwa na rafiki yangu wa Kisii, anayefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kuchagua chochote. Alisema ameona picha tu, mwanamke amesimama kwenye majani mabichi, akaipenda.

Ilikuwa filamu ya mapenzi ya Kiayalandi. Msichana anamwacha mchumba wake kijijini, anavuka bahari kwenda kufanya kazi za ndani. Wanaandikiana barua. Mwanamume anaanza kukohoa, anamwambia ni mafua tu. Msichana anapokuja kuujua ukweli na kurudi, anakuta kaburi limeshaota nyasi.

Hatukungoja hata majina ya waigizaji yaishe kupita.

"Mjinga huyu," alisema mama wa Bukoba, mkubwa wetu kwa umri. "Mtu anakwambia anakohoa, wewe unakaa? Angepanda meli wiki hiyohiyo."

"Na mwajiri wake je, mama?" nilimuuliza.

"Kazi ni kazi, mume ni mume."

Mwingine akasema kosa ni la mwanamume, kwa nini afiche. Wa nne, aliyekuwa akifunga mizigo ghalani karibu na uwanja wa ndege, alilalamikia mvua. Tangu mwanzo hadi mwisho mvua tu, na watu hawali kitu ila viazi, kifua kitakosaje kuuma? Tulicheka sana. Na mimi, sahani mkononi, nikatoa maoni yangu: kama angempenda kweli, angekwenda.

Rafiki yangu alikuwa ameshaondoka sebuleni. Nilimkuta jikoni anaosha vikombe nilivyokwisha kuviosha.

"Dada," alisema bila kugeuka, "amelazwa."

"Nani?"

"Baba ya mtoto wangu. Hii ni wiki ya tatu. Ni figo."

Mume wake nilimfahamu kwa sauti tu, kwenye simu. Walikubaliana yeye atangulie Kanada na binti yao, mume afuate. Ulikuwa mwaka wa nne sasa. Maombi yake ya kubaki nchini yalikuwa hayajaamuliwa, na akitoka asingeruhusiwa kurudi. Binti alikuwa na miaka tisa, Kiswahili anakielewa lakini anakujibu kwa Kiingereza.

"Nikienda, huyu nimwache na nani? Nikienda naye, tumepoteza kila kitu. Ungekuwa wewe, ungeenda?"

Dakika mbili nyuma nilikuwa na jibu. Nilifunga bomba, nikalifungua tena.

"Sijui," nikamwambia. "Nisamehe. Sijui."

Kule sebuleni mama wa Bukoba alikuwa bado anagombana na yule msichana wa watu.

Wiki zilizofuata nilifanya yale mtu anayoyafanya. Nilimpeleka kwa wakili, mtu mpole, akatueleza kwa upole kwamba tusubiri. Niliandika barua uhamiaji. Nilipiga simu ofisini kwao, nikasikilizishwa muziki hadi betri ikaisha. Nilipika pilau nikampelekea, akanishukuru, na siku ya pili nikaikuta kwenye friji haijaguswa. Mume wake alipopiga alisema anaendelea vizuri, anakula, na kwa kuwa sauti ilikuwa yake, tulimwamini. Alhamisi moja sauti ikawa ya shemeji yake.

Mazishi tuliyatazama kwenye simu, nyumbani kwa rafiki yangu, sote watano tumebanana kwenye kochi na mtoto katikati. Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakatika. Picha ikaganda kwenye bega la mwanamume aliyeshika kamba. Nilisimama, nikaiinua simu juu, nikaenda nayo dirishani, nikarudi. Iliporejea, watu walikuwa wanafukia.

Mtoto akauliza kwa Kiingereza kama imekwisha. Mama wa Bukoba, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alichukua sweta ya mtoto akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Kazini walimpa rafiki yangu siku tatu za msiba. Asubuhi ya nne nilimpeleka kwa gari. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, barabara ya Islington imejaa matope ya kijivu. Nilisimama mbele ya mlango wa wafanyakazi. Alikuwa amevaa sare, kitambulisho shingoni, mikono mapajani.

"Zunguka kidogo," alisema.

Nikazunguka, tukapita shule, kituo cha mafuta na maduka, tukarudi. Hakufungua mkanda.



"Tena, dada."

Zilibaki dakika sita zamu yake ianze. Nikawasha taa ya kukata kona, nikaingia tena barabarani.