Zambarau Kwenye Kreti za Shemeji

Pale kwenye ghala la maziwa walimwita Kufuli, naye jina akalivaa kama sifa. Mtunza ghala huyu hakumwamini mtu. Angeweza angekagua hata kivuli chake. Basi mzigo wa safari ndefu ulipoanza kurudishwa, mkosaji alishamjua: dereva, mume wa mdogo wake.

Ushahidi ulikuwa kwenye kreti. Kila moja ilibandikwa kibandiko cha utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Kwenye baridi ni cheupe. Kikikaa kwenye joto kinageuka zambarau, na kikishageuka hakirudi. Wenye maduka wakiona zambarau, maziwa hawapokei.

"Shemeji, unazima friji ya gari ili mafuta yabaki uuze," alimwambia mbele ya wapakiaji.

"Haki ya Mungu, shemeji, njiani hata chooni sisimami!"

"Nenda kamdanganye mkeo, si mimi."

Akamfikisha kwa meneja. Meneja akasema Ijumaa dereva ajieleze, la sivyo kazi hana. Mdogo mtu akaja analia, Kufuli akamjibu dirishani, "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Alhamisi jioni, akivua nguo akaoge, kitu kikamdondoka kifuani. Kibandiko, tena zambarau! Jamani! Akakaa kitandani. Kila alfajiri alivitoa vibandiko kwenye baridi na kuvisokomeza kifuani mpaka gari lipakiwe, shemeji asije akaiba vipya vya kubadilisha njiani. Kumbe alikuwa akivipasha moto mwenyewe! Vya safari fupi vilifika kabla havijageuka. Vya shemeji, joto la kifuani likiwa limeshavianzisha, viligeukia njiani. Aibu ilimchoma mpaka machozi.

Ijumaa akamweleza meneja yote, na kibandiko kipya akakifumbata kiganjani mpaka kikaanza kugeuka. Meneja alikitazama, kisha akamtazama yeye.

"Mbona umekumbuka leo, siku ya kumfukuza? Si mume wa mdogo wako yule?"

"Ndiyo, lakini..."

"Amekuahidi nini?"

Kufuli alikitazama kiti cha meneja. Angekuwa yeye kwenye kile kiti, angeuliza hivyo hivyo.

Dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. "Bosi, huyu shemeji yangu, miaka yote hii hajawahi kuniacha peke yangu sebuleni kwake, hata akienda kuchota maji ya kunywa. Ndiyo leo aje anitetee kwa uongo?"

Meneja alicheka mpaka akavua miwani, akamrudishia dereva ufunguo wa gari. Kufuli yeye aliinamisha kichwa, analia.