Bi Zuleha na Mama wa Kigiriki

Bi Zuleha wa Kaole ni mtu wa kushukuru. Ukimtungia uzi sindanoni anashukuru. Umeme ukikatika anashukuru kwamba cherehani yake ni ya miguu. Majirani humtania kwamba hata homa ikimpata ataishukuru kwa kumpumzisha. Lakini mwaka huu bintiye Mina alipokuja likizo kutoka Muscat, shukrani zilimkauka mdomoni, na badala ya kushukuru akaiba.

Aliiba pasipoti ya mwanawe. Mina ni muuguzi kule, na kila mwaka hupewa mwezi mmoja wa kuja nyumbani. Mwezi mmoja tu, naye ndiye mtoto pekee, na baba yake ameshatangulia mbele ya haki. Basi likizo ilipokaribia kwisha, safari ikiwa Jumamosi, Bi Zuleha alifumua mshono wa mto wake wa sufi, akaichimbia pasipoti katikati, akashona tena. Mina alipoitafuta, mama alimsaidia kutafuta, tena kwa bidii, mpaka nyuma ya mtungi wa maji akachungulia. Binti akauliza na kuuliza, kisha Jumatatu akanyamaza. Bi Zuleha akajisemea moyoni, ameanza kuzoea huyu.

Kazi iliyokuwa mezani kwake siku hizo ilikuwa ya vijana wa sanaa pale mjini Bagamoyo. Walikuwa wakiandaa mchezo wa kuigiza na walitaka nguo. Aliyeuandika ni Teddy, binti wa mwalimu mmoja wa Miono, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Siku ya kupima nguo akamhadithia kisa chenyewe. Katika hadithi za kale za Kigiriki kulikuwa na mama aliyeshika mavuno yote ya dunia, na bintiye akachukuliwa na mfalme wa kuzimu. Mama kwa uchungu akazuia kila mmea usiote, watu wakaanza kufa njaa. Mwishowe binti akaruhusiwa kurudi, ila kwa kuwa alishakula mbegu za komamanga kule chini, ikabidi kila mwaka arejee kuzimu kwa miezi kadhaa.

Bi Zuleha akaiweka chini futi yake ya kupimia.

"Nani kakupa habari za nyumbani kwangu?"

Teddy akacheka, akamwapia kwamba kisa hicho ni cha zamani kuliko magofu ya Kaole. Akamweleza kwamba waandishi na wachoraji wa siku hizi huzisimulia upya hadithi hizo, kila mmoja kwa jicho lake. Kuna wanaomtazama mfalme, kuna wanaomtazama mama.

"Mimi nimemtazama binti," alisema. "Wazee wale walidai alilishwa mbegu kwa hila. Kwangu mimi amekula huku anajua. Alitaka awe na kwao kuwili."

"Huyo angekuwa wangu ningemtapisha," alijibu Bi Zuleha, akaendelea kupima.

Joachim, mchoraji wa mandhari ya jukwaa, naye alikuwa na lake. Lango la kuzimu hakulichora na moto wala mafuvu. Alichora mlango wa kioo wa uwanja wa ndege, na kando yake mizani ya mizigo. Bi Zuleha alipopeleka nguo akauona mchoro ule, akaupa mgongo.

Mwigizaji wa mama alikuwa bado hajafika, na Joachim alitaka kuona kaniki ya mama inavyopokea taa. "Shikamoo mama yetu. Hebu tusaidie, jifunge tu usimame pale." Akajifunga kaniki, akapanda jukwaani. Najma, aliyeigiza binti, hakutaka kuipoteza nafasi ya mazoezi. Akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, kule nina kazi yangu, na hapa nina wewe. Usinilazimishe nichague. Niruhusu niende, ili nikirudi nirudi na furaha."

Sasa ilikuwa zamu ya mama kujibu. Majibu yalikuwa kwenye karatasi, na karatasi yeye hakupewa. Bi Zuleha alimkumbuka Mina wa mwaka jana, aliyekuwa akicheka tangu mlangoni hadi jikoni. Mina wa mwaka huu alikuwa anashinda uani kimya, simu mkononi. Mwezi wenyewe ni mmoja, na yeye mama mtu ndiye anayeuharibu.

"Samahanini wanangu," alisema. "Hili nakwenda kulijibu nyumbani."

Njia nzima ndani ya bajaji alikuwa akimshukuru yule mama wa Kigiriki, kisha anaomba msamaha kwa Mungu kwa kumshukuru mtu wa hadithi, kisha anashukuru tena. Alidhani uchungu ule ni wake peke yake duniani. Kumbe watu wameusimulia zama na zama, na wangali wanausimulia.

Alimkuta Mina anakuna nazi. Akapita bila neno, akatoka na mto na wembe, akaketi mkekani karibu yake, akafumua. Sufi ikatapakaa. Akaitoa pasipoti, akaipangusa kwa upindo wa kanga.

"Nilikuibia, mwanangu. Nisamehe."

Mina hakushtuka. Aliweka kifuu chini.

"Najua, mama. Nilijua Jumatatu, nilipotandika kitanda chako. Mto ulikuwa mgumu, na mshono una uzi mpya."

"Mbona hukuichukua? Na wembe hukaa hapo hapo kwenye cherehani."

"Ningeichukua, ningeondoka na pasipoti tu. Nilitaka niondoke na radhi yako."

Bi Zuleha alilia, wala hakujificha. Akamwekea mkono kichwani akamtamkia radhi zote, za kwenda, za kukaa na za kurudi. Kisha akamshukuru Mola kwa ule mwezi mmoja, na kwa siku zilizobakia. Na zaidi ya yote akashukuru kwamba mwanawe, mwenye safari Jumamosi na wembe karibu yake, alimngoja mama yake afumue mwenyewe.