Nilitumwa Homa Bay Kusomea Ukocha

Jina langu ni Peninah, mimi ni muuguzi, na wengi wenu mnaniita Mama Achieng. Nimeombwa niwaambie ninyi walimu na wauguzi mnaoanza mafunzo leo jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopata nafuu. Nitasema yote, hata ya aibu, maana najua katika chumba hiki yupo mtu anayejiona mjinga kama nilivyojiona mimi.

Nilizaliwa karibu na Asumbi. Shuleni nilikuwa mwepesi wa kushika mambo, lakini kutulia sikuweza. Nikasomea uuguzi, nikaolewa Suna, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaajiriwa katika kituo kidogo cha afya nje ya mji. Niliipenda kazi. Mama akiletwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, kila mtu anahangaika, hapo ndipo kichwa changu kilipotulia. Mikono ilijua la kufanya. Siku za kawaida ndizo zilinishinda. Niliingia stoo kuchukua pamba nikatoka na sabuni. Niliacha daftari la wagonjwa likiwa nusu ukurasa, kalamu sijui nimeiweka wapi. Kwa Dholuo nilikuwa nasema "wiya owil", yaani nimesahau, mara nyingi hadi wenzangu wakanipa hilo kuwa jina. "Wiya Owil amefika?" wanaulizana, wanacheka. Mimi nacheka nao, halafu naenda kulia chooni.

Nilipopata mtoto wa pili mambo yakazidi. Nilipungua kilo hadi sketi ya kazi ikawa inazunguka kiunoni. Nilitafuna kucha mpaka zikatoa damu. Moyo ulikuwa ukinidunda nikiwa nimekaa tu. Nilijipima malaria, nikajipa dawa za malaria, nikajipima tena. Mume wangu, Baba Achieng, ni mtu mpole, lakini siku moja aliniambia, "Mama Achieng, nikikwambia kitu mara tatu na bado hukifanyi, mimi nielewe nini? Kwamba unanidharau?" Mama mkwe akasema niombewe, na nikaombewa. Nilipiga magoti nikasahau nilichotaka Mungu anisaidie.

Kisha nikaungua. Nilikuwa nimeweka sindano na makasi vichemke jikoni pale kituoni, nikaenda kuandika kitu kimoja tu. Nilikuja kukumbuka niliposikia harufu ya chuma. Nikakimbia, nikafunua mfuniko kwa mkono mtupu. Maji yaliyobaki chini yalinirukia pamoja na mvuke, kuanzia kiganja hadi kiwiko. Ngozi ilijikunja kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Malengelenge yakajaa maji, mawili yakapasuka, yakatunga usaha. Kovu ni hili hapa, mnaliona.

Lakini mkono haukuniumiza kama jambo la mwezi uliofuata. Aliletwa mtoto wa kike wa miaka miwili, ana malaria kali, nikamdunga kwinini pajani. Kabla sijaandika, nikaitwa chumba cha pili. Niliporudi nikakuta kadi haina kitu. Nikavuta dawa tena kwenye sindano, nikapaka spiriti. Mama yake, mwanamke wa Kikuria aliyekuwa amekaa kimya muda wote, akanishika mkono.

"Sista, si umemdunga huyu sasa hivi?"

Nilitazama paja la yule mtoto. Kitone cha damu kilikuwa bado hakijakauka.

Niliweka sindano chini. Nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wetu, Bwana Odhiambo, nikamwambia mwenyewe. "Nusura niue mtoto." Alivua miwani, kisha akasema, "Kuanzia leo usishike sindano." Nikawekwa kwenye dirisha la kadi. Niliwaza kuacha kazi. Kusema kweli, niliwaza hata mabaya kuliko hayo, nikamwambia mume wangu, naye akakaa nami nyumbani siku tatu bila kufungua duka lake.

Baada ya wiki chache ikaja barua. Kulikuwa na mafunzo ya wiki mbili Homa Bay, na kila kituo kilitakiwa kutoa mtu mmoja. Bwana Odhiambo aliniita. "Peninah, nenda wewe. Wewe ndiye ninayeweza kukukosa na kazi isikwame." Hakuwa na nia ya kunitusi. Ilikuwa kweli.

Tulikuwa watu kumi na wawili katika ukumbi wa kanisa, wauguzi, walimu, na mzee mmoja wa ustawi wa jamii. Mkufunzi wetu alikuwa Daktari Nafula, mama wa makamo aliyesomea magonjwa ya akili ng'ambo. Alituambia tumekuja kusomea ukocha wa watu wenye ADHD, hali ambayo ubongo unashindwa kushika umakini pale unapotakiwa, tena si kwa watoto tu. Aliyeketi kando yangu, Mwalimu Chacha wa kutoka upande wa mpakani, akainua mkono.

"Daktari, kocha? Kwani tunaanzisha timu?"

Tukacheka sana. Daktari naye akacheka. "Mwalimu, kocha haingii uwanjani kumpigia mchezaji mpira. Anamsaidia mchezaji ajue miguu yake. Kazi yenu ni hiyo."

Kisha akaanza kueleza dalili. Anayeanza mambo kumi asimalize hata moja. Anayechelewa na hali ametoka mapema. Anayetulia wakati wa hatari na kuvurugika wakati wa amani. Niliandika mistari mitatu, kalamu ikasimama. Masikio yaliniwaka moto. Nilihisi kama mtu amemsimulia daktari habari za nyumba yangu.

Siku ya tatu nilimfuata wakati wa chakula. Nilimweleza mpaka ugali wake ukapoa. Hakuniambia lolote papo hapo. Alinipima damu kwanza aone kama kuna ugonjwa mwingine, hakukuta kitu, akaniuliza maswali kwa saa mbili, kisha akasema anataka kumwona mtu aliyenilea. Mama akaja kutoka nyumbani, amevaa kitambaa chake cha kanisani.

"Alikuwa mtoto wa namna gani?" daktari akamuuliza.

"Nilikuwa namtuma mtoni," mama akasema. "Anarudi na mapera kwenye sketi, ndoo ameiacha huko. Nilimchapa. Nilimchapa sana, daktari, nikidhani ni kiburi."

Daktari Nafula akatueleza kwamba nilizaliwa na hali hiyo, kwamba kukonda na moyo kudunda vilitokana na wasiwasi wa kupambana nayo, kwamba hali yenyewe haiponi kama malaria, na dawa zake hapa kwetu ni shida kupata. Lakini mtu anaweza kufundishwa kuishi nayo, akafanya kazi yake vizuri. Mama alinigeukia. "Nyathina," aliniita, mwanangu, "kumbe hukuwa mkaidi." Akalia. Mimi sikulia. Nilihisi mabega yangu yameshuka, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani.

Nilimuuliza daktari kama sasa nifungashe nirudi nyumbani, maana mgonjwa hawezi kuwa kocha. "Nani amekwambia?" akasema. "Rudi ukakae kwenye kiti chako."

Mazoezi tulifanya wawili wawili, na mimi nilipewa Mwalimu Chacha. Mwanzoni alinihutubia kama darasa la tatu. "Nunua daftari! Amka mapema! Jitahidi!" Daktari akamkatiza. "Mwalimu, hayo ameambiwa maisha yake yote. Muulize, halafu usubiri."

Chacha alikuna kichwa. Kisha akauliza, "Sista, ni wakati gani usahaulifu haukupati kabisa?"

"Nikizalisha."

"Kuna nini pale ambacho hakipo kwingine?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilifikiri. "Kila kitu kiko mbele ya macho yangu. Na nasema kwa sauti kila ninachofanya, ili mama asiogope."

"Basi sindano nayo utaifanyaje ifanane na hapo?"

Hakunipa jibu. Nilijitafutia. Kwamba nitamwambia mzazi kwa sauti, "Mama, namdunga sasa, ni sindano ya kwanza." Kwamba kabla ya kuweka sindano chini nitabandika kipande cha plasta kwenye mkono wa mtoto na kuandika saa, na kadi itafuata. Kwamba nikiitwa katikati, nitajibu, "Ngoja," hata kama anayeita ni Bwana Odhiambo.

Nilirudi Suna na cheti na plasta, na Bwana Odhiambo akakubali mwenzangu adunge, mimi niseme kwa sauti na kubandika plasta. Wiki ya kwanza nilishindwa, plasta zenyewe nilizisahau nyumbani. Mwalimu Chacha alikuwa anapita mjini kila Jumamosi, tukawa tunakaa nusu saa kwenye benchi la nje ya kituo. Nilimweleza nikitarajia karipio. Aliuliza tu, "Zingekaa wapi usiweze kuzikosa?" Nikazitundika kwenye kamba shingoni. Baada ya miezi mitatu ya kunichunguza, Bwana Odhiambo aliweka trei ya sindano mbele yangu. "Endelea na kazi, Sista Peninah," akasema. Alisema Peninah. Hakuna aliyeniita Wiya Owil siku hiyo.

Tangu hapo nimekuwa kocha wa watu wanne: karani, fundi cherehani, mama mmoja mchuuzi wa samaki wa kisiwani Takawiri, na mwalimu mwenzenu. Wote wanafanya kazi. Ninamshukuru Nyasaye, yaani Mungu wetu, nawashukuru mume wangu, mama yangu, daktari na Chacha, na yule mama wa Kikuria aliyethubutu kumshika muuguzi mkono.

Ninyi mtakaokuwa makocha, msiwe na haraka ya kushauri. Ulizeni, kisha mvumilie ukimya wa anayefikiri. Nawe unayejiona katika habari hii, usimeze vidonge vya malaria usivyovihitaji. Njoo tuzungumze.

Bado nasahau. Jana niliacha mwavuli wangu stendi, nikakumbuka nikiwa nimefika nyumbani. Zamani ningejitukana hadi jioni. Jana nilicheka, nikarudi kuuchukua, nikaukuta.