Baba Yangu Waliyemwita Tori

Baba yangu, Evaristo, alifundisha historia shule ya kati huko Kibosho kwa miaka kumi na tisa, halafu akarudi kwenye kahawa na migomba yake. Hakuwa tajiri. Alikuwa na koti moja la kanisani na zamu moja ya maji kwa wiki, Jumatatu asubuhi, kwenye mfongo, mfereji uliochimbwa na babu zetu.

Mwaka 1976 alisimama kwenye mkutano wa kijiji akauliza kwa nini Katibu Remigius anafungua maji siku zisizo zake. Remigius alikuwa ametoka semina ya wiki moja mjini Moshi, tumbo limejaa wali wa bure. Akajibu, "Huyu mzee ni Tori. Tori ni chama cha mabepari wa Uingereza, wapinga maendeleo." Watu wakapiga makofi. Makofi yale yananitia kinyaa hadi leo, maana nusu yao baba ndiye aliyewafundisha kusoma.

Baba akawaeleza taratibu, kama yuko darasani. Tori wa kwanza walikuwa watu wa Ayalandi walionyang'anywa mashamba, wakaishia kuwa majambazi wa porini. Waingereza wakalichukua jina hilo kuwatukania wapinzani wao wa siasa, na waliotukanwa wakalizoea, wakajiita hivyo wenyewe.

"Sasa hapa aliyenyang'anywa ni nani?" akauliza.

Wakacheka. Zamu yake ikafutwa papo hapo, na tangu siku hiyo hata watoto wa komunyo ya kwanza walimwamkia, "Shikamoo, Tori."

Miezi mitano migomba ikanyauka. Kisha padre akamwambia Remigius hatapokea komunyo kwenye harusi ya bintiye mpaka apatane na baba. Remigius akaja kwa nyuma ya zizi letu asionekane, jani la sale mkononi. Kwetu, anayeletewa sale hakatai kusamehe.

"Mwalimu, nisamehe," alisema, macho kwenye saa yake.

"Nimekusamehe. Jumatatu nitafungua maji."

"Hilo ni la kamati, mzee."

Jumamosi mnafiki yule akapokea komunyo, mikono ameifumba kifuani. Jumatatu baba akaenda na jembe, akakuta mfongo umezibwa na maji yote yanaingia kwa Remigius. Mama akamwambia akashtaki kwa padre.

"Nimeshapokea sale, Valeria," baba akasema. "Nikishtaki, mvunjaji ni mimi."

Akachukua ndoo, akateremka mtoni. Alibeba ndoo miaka sita, mpaka magoti yakakataa, na hakuna aliyempokea hata siku moja. Remigius alikuja kwenye mazishi yake, akala nyama, akaomba aongezewe.